Papa wa Bahari na Maji ya Nyumbani
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na makarani katika mkutano wa Chama, Morogoro



Halmashauri imetutaka tuseme maneno machache juu ya papa. Twajua ya kuwa baadhi yenu mlipoliona jina hilo katika tangazo mlicheka, mkasema, Je, watu wa Morogoro wana habari gani na papa? Sisi twakaa chini ya mlima Lupanga, na bahari i mbali nasi kwa maili 120 au karibu. Papa tumjuaye ni yule mkavu wa chumvi auzwaye sokoni, naye hang'ati kitu ila mfuko wa mnunuzi.

Wallakini papa huyo asiyefika Morogoro ameingia katika mambo ya Chama hiki, tena ameingia kwa mlango mbaya, nasi hatuna budi kueleza jinsi ilivyokuwa.

Mtakumbuka ya kuwa mwaka juzi Chama kiliazimu kuwapeleka watoto wa wanachama Bagamoyo wakati wa siku kuu ya Pasaka, wakaone bahari na nyumba za kale. Majina yaliandikwa, nauli ikakusanywa, na gari likaagizwa. Zilipobaki wiki tatu ikazuka habari ya kuwa papa amemla mtu huko pwani. Tuliuliza, Mtu gani? Mji gani? Siku gani? Hapakuwa na aliyeweza kujibu. Kila mmoja alikuwa amesikia kwa mwenziwe, na mwenziwe naye kwa mwingine. Hata hivyo wazazi wakaanza kuyafuta majina ya watoto wao, leo wawili, kesho watano, na mwisho sisi tulio katika Halmashauri tukaandika barua ya kuahirisha safari. Katika barua ile tuliandika maneno haya: "kwa sababu ya hatari ya papa." Hakuna mtu aliyetulazimisha. Tuliyaandika kwa mkono wetu, tukayatia sahihi, tukaweka nakala katika jalada.

Siku ya tatu baada ya Pasaka mtoto mmoja aliyekuwa katika orodha ile, mwana wa mwanachama mwenzetu, umri wake miaka kumi, alikwenda na wenzake kuoga katika mto ushukao mlimani. Mvua ya masika ilikuwa imenyesha juu usiku kucha, na maji yaliyokuwa ya magoti jana yake yalikuwa yamepita kiuno cha mtu mzima. Hakurudi. Mto ule hauna papa hata mmoja.

Baba yake ametupa ruhusa kulisema jambo hili mbele yenu, naye yuko hapa pamoja nasi. Hatusemi ya kuwa barua yetu ndiyo iliyomwua mtoto. Ajali ni ajali, na siku zote ziko mikononi mwa Mungu. Lakini tulipotoka mazikoni tulijiuliza swali moja, nalo halijatuacha tangu siku ile: Imekuwaje watu wazima, wasomi, ambao kazi yao ni kuandika mambo kama yalivyo, wakamwogopa mnyama aliye mbali maili 120, wasiuogope mto upitao nyuma ya nyumba zao? Hotuba hii ni jaribio letu la kulijibu swali hilo.

Na tuanze na papa mwenyewe. Wataalamu wamehesabu aina za papa zaidi ya 500 duniani. Wengine ni wadogo wa kulala katika kiganja cha mkono. Aliye mkubwa kupita wote, na kupita samaki wote wa bahari, ni yule ambaye watu wa Mafia humwita papa potwe. Kila mwaka, tangu Oktoba hata Machi, huonekana mbele ya Kilindoni akiogelea polepole na kinywa wazi, na chakula chake ni viumbe vidogo vidogo na dagaa. Watu huogelea kando yake wala hawadhuru. Yuko papa pingusi mwenye kichwa kama nyundo. Yuko na yule wavuvi wamwitao papa upanga, ambaye wataalamu humhesabu katika jamaa ya taa. Wazee wa pwani hawakumwona papa kuwa adui tu. Nyama yake ililiwa, ini lake lilitoa sifa ya kupaka mbao za majahazi zisiharibike, na mapezi yake yalisafirishwa mpaka Uchina. Wakati wa kaskazi majahazi ya Arabuni na Somali yalileta papa wa chumvi katika bandari zetu, na reli ilipofika Morogoro mwaka 1907 naye akapanda gari la moshi kama abiria wengine. Katika vita ya papa na binadamu, basi, aliyekula zaidi anajulikana.

Hata hivyo tusiseme ya kuwa papa hana madhara. Katika aina zile 500 na zaidi, tatu ndizo zilizoandikwa mara nyingi kuwa zimewauma na kuwaua watu: papa mweupe mkubwa, papa mwenye mistari ubavuni, na papa mnene wa pua butu, ambaye watu wa kusini humwita papa wa Zambezi. Huyu wa tatu ana tabia ya ajabu, maana aweza kuishi katika maji ya chumvi na katika maji matamu, tena hupanda mito. Katika mto Amazon amepata kuonekana hata Iquitos katika nchi ya Peru, mbali sana na bahari.

Sasa sikilizeni habari ya Marekani, kwa kuwa ndiko hofu ya papa ya siku hizi ilikozaliwa. Mwaka 1891 tajiri mmoja wa New York, jina lake Hermann Oelrichs, aliahidi kumlipa dola 500 mtu ye yote atakayethibitisha ya kuwa papa amepata kumuuma mtu aliye hai katika pwani ya kaskazini ya nchi ile. Miaka ikapita, wala hakutokea mwenye kuidai fedha. Watu wakaliona jambo hilo kuwa ushahidi. Wataalamu wenyewe wakasema ya kuwa taya la papa halina nguvu ya kukata mfupa wa mtu. Basi watu wakaoga baharini bila ya wasiwasi.

Kisha ukafika mwezi Julai wa 1916. Tarehe 1 kijana mmoja aliumwa pwani ya Beach Haven katika New Jersey, akafa. Tarehe 6 mtumishi wa hoteli aliumwa Spring Lake, akafa. Tarehe 12 papa akaonekana mahali ambapo hapana aliyemtazamia, katika kijito cha Matawan, maili kadhaa kutoka bahari kuu. Nahodha mmoja mzee, Thomas Cottrell, aliyekuwa amestaafu kazi ya bahari, alikuwa amemwona akipita chini ya daraja. Alikimbia mjini kuwaonya watu, nao wakamcheka. Papa katika kijito! Muda si mrefu mtoto wa miaka 11, Lester Stillwell, akavutwa chini ya maji. Kijana Stanley Fisher akajitosa kumtafuta, naye akaumwa, akafa siku ile ile. Mtoto wa tatu aliumwa mguu, akapona. Hivyo katika siku 12 watu wanne walikufa na mmoja akajeruhiwa.

Tazameni yaliyofuata. Watu wale wale waliokuwa wakisema papa hawezi kumuuma mtu, sasa wakasema papa hana kazi nyingine. Magazeti yakajaa, hoteli zikawa tupu, vyavu vya waya vikafungwa pwani, watu wakatoka kwa bunduki na baruti, hata mawaziri wa Rais Wilson wakalizungumza jambo hilo barazani. Tena mpaka leo wataalamu hawajakubaliana ni papa wa aina gani aliyefanya kazi ile, wala kama alikuwa mmoja au zaidi. Yote hayo yalitukia katika mwaka ule ule ambao mji wetu huu wa Morogoro uliangukia mikononi mwa majeshi ya Waingereza, tarehe 26 Agosti, baada ya Wajerumani kurudi nyuma kupitia milima hii. Katika nchi yetu, mwaka ule, watu wasiohesabika walikuwa wakifa kwa njaa, kwa maradhi na kwa mizigo ya vita. Habari zilizoizunguka dunia kwa simu za waya zilikuwa za papa mmoja.

Tukija karibu na kwetu, katika bahari hii hii ya Hindi, mambo kama hayo yalitukia pwani ya Natal, Afrika Kusini. Tangu 18 Desemba 1957 hata 5 Aprili 1958 watu tisa waliumwa, na sita katika hao walikufa. Wageni wakaikimbia pwani usiku kwa usiku, magari yakasongamana barabarani. Serikali ya kule ikapeleka manowari itupe mabomu majini. Papa wanane wakafa. Lakini samaki wengi wengine pia wakafa, na mizoga yao ikawaita papa wapya waliokuwa mbali. Hofu ikifanya haraka, ndugu, huweza kuizidisha hatari iliyotaka kuiondoa.

Tena yako mambo ya meli za vita. Tarehe 28 Novemba 1942 meli Nova Scotia, iliyokuwa ikiwachukua mateka wa Kiitaliano kutoka Massawa kwenda Durban, ilizamishwa na Wajerumani karibu na pwani ya Natal. Watu 858 walikufa, na papa walionekana kati ya walioelea. Tarehe 30 Julai 1945 manowari ya Marekani Indianapolis ilizamishwa na Wajapani. Watu 900 hivi waliingia majini, wakakaa humo siku nne na zaidi, waliookolewa ni 316. Mtu akizitaja meli hizi leo, hutaja papa kwanza. Papa walikuwapo, na waliua. Lakini wengi wa waliokufa baada ya Indianapolis kuzama waliuawa na majeraha, kiu, jua, baridi ya usiku, na kunywa maji ya chumvi.

Na ndugu zetu wa Afrika Mashariki nao wamelala katika bahari hiyo. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na manowari ya Kijapani ya chini ya maji karibu na visiwa vya Maldivi, ikazama katika muda wa dakika chache tu, mbili au tatu. Watu 1,297 walikufa, na zaidi ya nusu yao walikuwa wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, kikosi nambari 301. Hawa hawakuuawa na papa. Waliuawa na vita, na kwa kuwa chombo kilizama upesi kuliko mtu awezavyo kupanda ngazi. Tujiulize ni wangapi humu ndani waliopata kulisikia jina la meli hiyo kabla ya leo, kisha ni wangapi waliosikia habari ya papa wa sinema ya Marekani ya mwaka 1975. Mwandishi wa kitabu kilichotolewa sinema ile, Peter Benchley, alijuta baadaye, akatumia miaka mingi ya maisha yake kuwatetea papa. Lakini hadithi ikishatoka hairudi kinywani.

Sasa twende kwenye hesabu, maana ndiyo kazi yetu. Tangu 1958 Wamarekani wameweka daftari la watu walioumwa na papa dunia nzima, nalo sasa hutunzwa katika Chuo Kikuu cha Florida. Daftari hilo laonyesha ya kuwa kwa mwaka watu 60 au 70 hivi huumwa pasipo kumchokoza papa, na wafao ni sita au karibu. Dunia nzima, ndugu. Upande wa pili, makadirio ya wataalamu yaliyotolewa 2013 yasema ya kuwa binadamu huwaua papa milioni 100 hivi kwa mwaka. Na maji yenyewe, yasiyo na meno wala pezi? Shirika la Afya la Dunia limekadiria ya kuwa mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji, na wengi wao walikuwa watoto na vijana. Katika bahari yetu wenyewe, usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, meli Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba, watu zaidi ya 200 wakathibitishwa kufa, na wengi wengine hawakuonekana tena. Ilikuwa imepakia watu kupita kiasi. Aliyewaua alikuwa kalamu ya mtu aliyeandika idadi isiyo ya kweli, au asiyeandika kabisa.

Hapa, makarani wenzetu, twaomba mtupe masikio yote mawili. Hesabu ni nzuri, lakini hesabu hutoka katika vitabu, na vitabu huandikwa na watu kama sisi. Mnaijua habari ya simba wawili wa Tsavo waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898. Kanali Patterson aliyewaua simba wale alipata kutaja watu 135. Mwaka 2009 wataalamu walichunguza mifupa na manyoya ya simba wale yaliyohifadhiwa Chicago, wakakadiria ya kuwa waliliwa watu 35 hivi. Tofauti hiyo ni watu 100! Kwa nini hatuwezi kufungua kitabu tukaona hesabu iliyo sahihi? Kwa kuwa wafanya kazi Wahindi waliandikwa, nao walikuwa 28. Lakini Waafrika walioliwa, Patterson mwenyewe alikiri ya kuwa hapakuwa na orodha yao rasmi. Hawakuhesabiwa walipokuwa hai, wala hawakuhesabiwa walipokufa. Penye ukurasa mtupu kila mtu huandika atakalo: mwenye hofu huandika 135, na mwenye dharau huandika sifuri.

Kwa sababu hiyo hatutasema ya kuwa wavuvi wa pwani yetu hawaumwi na papa. Yamkini wengi wameumwa, wakafungwa kidonda kwa kitambaa, wakarudi majini, wala hapana daftari lililowapokea. Twasema hivi tu: habari isiyo na jina, wala mahali, wala siku, haifai kuandikwa katika barua ya Chama kana kwamba ni jambo lililothibitika. Ndilo kosa tulilolifanya sisi.

Tukitaka mnyama wa nchi yetu aliyestahili kuogopwa, yupo, naye hakutangazwa kama papa. Kati ya 1990 na 2004 simba waliwaua watu zaidi ya 563 katika Tanzania, wengi wao pande za kusini na mashariki, na kujeruhi zaidi ya 308. Wataalamu walipochunguza waliona ya kuwa watu wengi walikamatwa wakilinda mashamba usiku katika vibanda hafifu, na ya kuwa nguruwe mwitu walioharibu mazao ndio waliowavuta simba karibu na vijiji. Mara wengine wakanena habari za wachawi na simba wa kutumwa. Hatuwacheki, maana mtu aliyefiwa hutafuta sababu iliyo kubwa kama msiba wake. Lakini aliyemtafuta mchawi alimwacha nguruwe shambani, na usiku uliofuata simba akarudi. Hofu iliyoelekezwa pasipo mahali pake huiacha hatari ikiendelea na kazi yake.

Basi, kwa nini hofu yetu hupotea njia? Sisi twaona sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni mazoea. Kinachoonekana kila siku hukoma kuonekana. Tarehe 10 Agosti 2019, hapa hapa Msamvu, gari la mafuta lilipinduka, na watu wakakimbilia petroli kwa ndoo na madumu kama wakimbiliao kisima. Moto ulipowaka waliokufa papo hapo na waliokufa baadaye hospitalini wakafika mia moja au karibu. Hakuna hata mmoja wetu asiyejua ya kuwa petroli huwaka. Tuliijua mno, tukaacha kuiogopa.

Sababu ya pili ni umbo la kifo chenyewe. Meno hutisha kuliko maji. Aliyeliwa husimuliwa miaka mia. Aliyezama huliliwa siku arobaini, kisha huliliwa na mama yake peke yake.

Sababu ya tatu ni ugeni. Cha wageni hutisha kuliko cha nyumbani. Mtu wa pwani akipanda kuja kwetu huogopa chui wa msituni na baridi ya Mgeta, lakini hulala usingizi baharini ndani ya ngalawa. Nasi tukishuka kwake huogopa papa, lakini twawatuma watoto wetu mtoni wakati wa masika. Maji usiyoyafika hujui kina chake. Lakini na maji uyafikayo kila siku, ndugu, wajua kina chake cha jana tu.

Wazee wetu wa Uluguru walikuwa na njia yao ya kulitengeneza jambo hili. Kila mtu aliyekulia milimani anayakumbuka mabwawa yaliyo chini ya maporomoko, ambayo tuliambiwa yana mwenyewe, nyoka mkubwa, naye hapendi watoto wenye kelele. Jina la Kolelo lilijulikana mbali na milima hii, na watu walisafiri kuja kwake kuomba mvua. Sisi tulipopata elimu tukazicheka habari hizo, tukaona tumeerevuka. Lakini tutazame kwa haki: nyoka yule wa bwawani aliwalinda watoto wangapi wasizame? Onyo la wazee lilikuwa na nguo ya hadithi, na ndani ya nguo mlikuwa na mwili wa kweli. Sisi tukaivua nguo, tukautupa na mwili. Tukamwondoa nyoka bwawani, tusiweke kitu cho chote mahali pake, wala mafunzo ya kuogelea, wala kamba kivukoni, wala mtu mzima wa kukaa ukingoni. Elimu iliyoondoa woga wa zamani isipoleta hekima mpya imefanya nusu ya kazi, na nusu hiyo ni ile ya kubomoa.

Tena kumbukeni ya kuwa maji yetu na maji ya papa ni maji mamoja. Ngerengere na Mgeta zote huingia Ruvu, na Ruvu huingia baharini kaskazini ya Bagamoyo. Udongo unaosombwa na mvua katika mashamba yetu ya mlimani ndio unaoyafanya maji ya mlangoni mwa mto kuwa mekundu. Na mahali pa namna hiyo, penye maji machafu yasiyoonyesha kitu, ndipo papa wa pua butu apendapo kuwinda, maana haoni vema, hujaribu kwa kinywa. Basi mtu akiuliza, Tuoge wapi? jibu ni rahisi. Asioge mlangoni mwa mto, wala penye maji ya tope. Asioge jua likichwa, wala usiku. Asioge mahali wavuvi wasafishapo samaki. Asioge peke yake. Mwenye kuyashika haya, safarini ataogopa zaidi barabara kuliko bahari, na atakuwa na haki.

Bwana Mwenyekiti, tumesema mengi, na saa inakwenda. Tuna mambo manne ya kuuomba mkutano huu.

La kwanza, barua yetu ya mwaka juzi iondolewe maneno "kwa sababu ya hatari ya papa," na pembeni yaandikwe ya kuwa Halmashauri ilikosea kwa kutouliza. Barua yenyewe isichanwe, ibaki katika jalada, ili watakaotufuata waone kosa na marekebisho yake pamoja.

La pili, sisi tuandikao taarifa za vifo na ajali katika ofisi zetu, tuandike kwa ukamilifu: jina, umri, mahali, saa, na sababu iliyoonekana kwa macho. Mtoto aliyezama aandikwe ya kuwa alizama, na mto utajwe kwa jina lake. Tusiandike "ajali" tu, tukafunga kitabu. Mahali palipozama watoto watatu hapatajulikana kuwa ni pabaya kama kila mmoja ameandikwa "ajali" katika ukurasa wake mwenyewe.

La tatu, fedha za safari zilizosalia katika mfuko zitumike kumlipa mtu ajuaye kuogelea awafundishe watoto wetu, wa kiume na wa kike, wakati wa kiangazi maji yakiwa haba. Na kamba imara ifungwe kivukoni pale alipopotea mwana wa mwenzetu. Masika yajayo hayako mbali.

La nne, safari ya Bagamoyo ifanyike. Watoto waione bahari. Waonyeshwe mahali maji ya mlima wao yaingiapo katika maji makuu, waambiwe ukweli wote juu ya papa, asizidishwe wala asipunguzwe, kisha waoge mahali palipo safi, mchana, wakilindwa na watu wazima waliosimama majini pamoja nao. Baba wa marehemu ametuambia ya kuwa atakwenda, awe mmoja wa watakaosimama majini. Hatukumwomba. Alijitolea mwenyewe.

Ndugu wanachama, sisi ni watu wa kalamu. Wengine wana bunduki, wengine wana nyavu, sisi tuna daftari. Kalamu ikiandika uvumi huwa ni uvumi wenye mhuri, nao ni mbaya kuliko ule wa sokoni, maana wa sokoni hufa jioni, na wetu hukaa katika jalada miaka hamsini. Kalamu ikiandika kweli, hata kweli ndogo, ya mtoto mmoja na mto mmoja, yaweza kumzuia mtoto wa pili. Tulipoandika habari ya papa tulimwogopa tusiyemwona. Tukaacha kumwandika tuliyemjua jina.

Hoja hizi nne twaziweka mezani kwako, Bwana Mwenyekiti, mkutano uzijadili na kuzipigia kura leo, kabla hatujaondoka.